Kabla hujatuma picha ya bata kwenye kikundi

Anayewinda bata siku hizi, awe Louisiana au kwenye mabonde ya Djugu, mashariki mwa Kongo, hawindi peke yake hata kama ametoka nyumbani peke yake. Mfukoni, ndani ya simu, amebeba kikundi. Kikundi ndicho kilichomwambia jana usiku kwamba bata wameonekana, ndicho kinachosubiri picha asubuhi, na ndicho kitakachomsifu au kumcheka jioni. Kule Marekani, ambako kila mwindaji wa bata aliyefikisha miaka 16 hununua stempu ya serikali kuu, utaratibu ulioanza mwaka 1934, wawindaji wamegombana miaka mingi kwa sababu ya mtu anayetaja mtandaoni maji ambayo bata wanatua. Kesho yake pale panajaa watu, keshokutwa bata wamehama. Hilo kwao ndilo kosa lisilosameheka.

Kwetu Iga Barrière jambo lenyewe ni zito zaidi. Tuko kama kilomita 25 kutoka Bunia, kwenye barabara ya kitaifa namba 27 inayopanda kwenda Mahagi, ndani ya wilaya ya Djugu ambayo vita viliirudia Desemba 2017. Jimbo zima la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Kijana aliyeshika bata mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, ambaye Louisiana angepewa pongezi, hapa anaweza kuonekana ni mwanamgambo, na picha hiyo ikafika kwa watu asiowajua kabla hajafika nyumbani kwake. Ndiyo maana mbinu ninazoandika zinaanzia kwenye simu. Kwa bata tutafika.

Tuanze na silaha. Isiingie kwenye picha hata moja, iwe bunduki ya marisau ya kalibre 12, iwe gobore la kienyeji, iwe panga lililoinuliwa juu kwa mzaha. Mimi naenda mbali zaidi: kwa hali ilivyo sasa, hata mwenye karatasi zake zote aiache bunduki nyumbani. Mlio mmoja wa alfajiri bondeni unatosha kuamsha kijiji kizima, akina mama wakabeba watoto na magodoro na kukimbilia barabarani, kwa ajili ya ndege asiyefika hata kilo mbili. Na ukikamatwa na silaha chini ya utawala wa kijeshi, kesi yako inaweza kwenda mbele ya hakimu wa kijeshi. Hakuna bata anayestahili hayo.

Kisha angalia kilicho nyuma ya bata. Watu wanafikiri kuficha uso kunatosha. Wenyeji hawahitaji uso. Wanatambua umbo la kilima, mkaratusi uliokatwa kichwa, paa la bati lenye kiraka, turubai jeupe la kambi ya wakimbizi kwa mbali. Kwa hiyo mlaze ndege chini kwenye majani, simama juu yake, elekeza simu chini moja kwa moja. Picha ionyeshe majani na bata, basi. Anayetaka kujifunza kutambua aina za bata ataona vizuri zaidi hivyo: rangi ya mdomo, alama ya bawa ukilikunjua, miguu. Kwa mfano bata mwenye mdomo wa njano uliokolea anajulikana kwa mdomo huo tu; wale wenye shingo ndefu wanaopiga mluzi wakiruka usiku utawajua kwa uso mweupe. Picha ya namna hiyo inafundisha kitu, tena haimtaji mtu wala mahali.

Jambo la tatu wengi hawalijui. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaondoa zile taarifa za siri zinazoonyesha ilipigwa wapi. Ukiituma kama hati ili isipoteze ubora, taarifa hizo zinabaki ndani, na mwenye ujuzi kidogo anazisoma hadi kwenye ramani. Fungua kamera ya simu yako, ingia kwenye mipangilio, zima kipengele cha kuhifadhi mahali. Ni kazi ya dakika moja. Na ile huduma ya kuonyesha mahali ulipo moja kwa moja kwenye kikundi, usiiguse. Ukitaka mtu ajue uliko kwa usalama wako, mwambie ndugu mmoja au jirani mmoja, kwa mdomo, kabla ya kutoka.

Tena kuna picha za wenzako. Simu nyingi zinahifadhi zenyewe kila kinachoingia kikundini, hivi kwamba picha ya bunduki aliyoituma mtu usiyemfahamu kutoka Beni au Arua inakaa kwenye albamu yako kama ni yako. Simu ikifunguliwa mbele ya kizuizi, utaeleza nini? Ingia kwenye mipangilio ya kikundi chenyewe, zima kuonekana kwa picha na video kwenye albamu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, uzime kupakua kiotomatiki. Mega zako pia zitadumu. Na msimamizi wa kikundi anaweza kuweka ujumbe ufutike wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwa kikundi cha wawindaji wa Djugu, siku 7 zinatosha: taarifa ya bata iliyopita wiki haina kazi tena.

Kuhusu mahali, ushauri wangu ni kusema baada ya kurudi, na kusema kwa upana. "Asubuhi nimeona kundi la bata, upande wa mashariki, kwenye maji yaliyotuama." Inatosha. Usitaje bwawa, usitaje mto mdogo kwa jina, usitaje njia ya miguu uliyopita, na zaidi ya yote usitangaze kesho utakuwa wapi saa ngapi. Kila anayesoma kikundi akijua kwamba wanaume watano watapita bondeni fulani saa kumi na moja alfajiri, umempa kila mtu habari hiyo, pamoja na yule anayevizia watu. Bata nao wananufaika na ukimya wako. Kati ya Oktoba na Machi maji yetu yanapokea wageni, bata wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi, na wanafika wamechoka. Wakishafukuzwa kila wanapotua, wanakonda. Wenyeji wao wanaopiga mluzi hukaa makundi makundi na wana mazoea ya kurudi maji yaleyale. Ukilitaja bwawa lao mbele ya watu mia tatu, umelimaliza.

Hapa ndipo kikundi kinapombadilisha mwindaji bila yeye kujua. Kama kinachopigiwa makofi ni rundo, kila mtu atatafuta rundo. Kijana aliyekuwa anaridhika na ndege wawili wa mboga ya nyumbani atakaa bondeni mpaka jua kali, anaongeza wa tatu, wa nne, wa sita, kwa sababu jana fulani alionyesha watano. Dawa yake iko mikononi mwa wazee wa kikundi: wasifie kitu kingine. Wamsifie aliyemwona bata na vifaranga wake akawaacha. Wamsifie aliyetambua aina kwa usahihi, aliyetegua mitego yake yote na kurudi nayo badala ya kuiacha porini iendelee kuua. Najua inaonekana ni jambo dogo. Lakini vijana wanafuata sifa zilipo, na sifa ndani ya kikundi hutolewa na watu watatu au wanne tu ambao wengine wote wanawasikiliza.

Sasa lile ambalo mtu mmoja hawezi na kikundi kinaweza. Januari 2017 nchi jirani ya Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8, kwanza kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria upande wa Entebbe, kisha kwa bata na kuku wa nyumbani. Miezi michache baadaye virusi vya aina hiyohiyo vikathibitishwa kwetu Ituri, kwa ndege wa kufugwa kando ya Ziwa Albert. Ziwa hilo liko chini tu ya milima yetu. Samaki wanaouzwa Bunia wanatoka huko, na magunia na vikapu vinapanda kila siku kwa pikipiki. Bata ni hatari ya pekee katika ugonjwa huu kwa sababu anaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili kubwa, akaruka, akatua, akanya ndani ya maji, na kuku wa mtu wakafa banda zima kwa siku chache.

Wawindaji ndio wanaokuwa wa kwanza kuona. Daktari wa mifugo hashindi bondeni, nyinyi mnashinda. Kwa hiyo mkubaliane mapema ndani ya kikundi namna ya kutoa taarifa ya ndege waliokufa. Taarifa nzuri inasema ni ndege gani, wangapi, wamekaa hali gani, umewaona lini, na ni kijiji gani kilicho karibu. Katika hili, tofauti na uwindaji, mahali patajwe, ila iwe kwa mkaguzi wa mifugo moja kwa moja; kikundini itoshe kusema "kuna ndege waliokufa upande fulani, msiwaguse, mkaguzi amearifiwa." Piga picha kwa umbali. Usiwageuze kwa mguu, usiwachukue kumlisha mbwa, usiwabebe kuwaonyesha wengine.

Na hata kwa bata aliyekuwa mzima ulipomtega, kuna adabu yake. Usimnyonyolee uani ambako kuku wanadonoa. Mnyonyolee mbali, manyoya na matumbo uyafukie shimoni, unawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na viatu ulivyovalia bondeni uvisugue kabla ya kuingia navyo karibu na banda. Nyama iive hadi ndani kabisa, pale kwenye mfupa wa paja pasibaki uwekundu. Joto la nyuzi 70 lililofika kila mahali linaua virusi hivyo. Anayefuga bata na kuwinda bata pia aamue nguo za kuwindia ni zipi na zikae nje. Video fupi ya mtu wa kikundi akionyesha jinsi anavyofanya hayo ina thamani kuliko picha mia za marundo.

Sumu ni jambo la pili la namna hiyo. Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya mpunga ya Busia, kwa miaka mingi watu waliwinda ndege wa majini kwa kuwawekea chakula kilichotiwa Furadan, dawa ya kuulia wadudu yenye kabofurani. Walifunga ndege hai kama chambo ili wenzao wadhani pana usalama, nao wakatua, wakala, wakaanguka. Walikuwemo bata na korongo, na nyama iliuzwa ili watu waile. Mtafiti wa ndege Martin Odino alikaa pale akihesabu na kupiga picha, akaziweka mtandaoni, na watu wa mbali waliokuwa hawajawahi kusikia jina Bunyala wakaanza kuuliza maswali. Mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha simba waliouawa Kenya kwa dawa hiyohiyo, kampuni ya FMC iliyokuwa ikiitengeneza ilisema itainunua tena na kuiondoa madukani Kenya. Picha zilizotumika hivyo zilikuwa na kazi. Kumbuka kwamba mkono uleule wa mtandao unaweza pia kusambaza namna ya kuchanganya dawa, na mtu akituma maelezo ya namna hiyo kikundini kwenu, msimamizi ayafute palepale na amtoe aliyeyatuma. Msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote.

Mnunuzi naye ajue la kuuliza. Ukiona bata wa porini wanauzwa njia panda bila alama ya tanzi shingoni au mguuni, bila jeraha, na wako wengi kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji wamekufaje. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka. Hata ungewakaanga mpaka wakauke, usihesabu kwamba moto umeondoa sumu.

Risasi zenyewe ni sumu pia, ingawa ya polepole. Marisau ya madini ya risasi yakibaki majini, bata huyameza akidhani ni changarawe za kusagia chakula tumboni, naye hufa taratibu. Marekani ilikataza marisau hayo kwa uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya umeyakataza kwenye maeneo ya majimaji tangu Februari 2023. Kama katika jamaa yako kuna nyama iliyopigwa kwa marisau, ikate pana kuzunguka kidonda na usiwape watoto wadogo wala mama mjamzito.

Sheria nazo zinachanganywa sana vikundini, kwa sababu kikundi kinavuka mipaka na sheria haivuki. Mtu wa Tanzania anaeleza kibali chake, wa Uganda anaeleza cha kwake, na msikilizaji wa Iga Barrière anaondoka akidhani ameruhusiwa. Kenya ilifunga uwindaji wa wanyama mwaka 1977 na ule wa ndege mwaka 2003. Kongo ina sheria yake ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayotaka mwindaji awe na kibali, na kuna aina kadhaa, mojawapo ikiwa ni kile cha wanakijiji kinachoitwa permis rural de chasse. Majira ya kufunga uwindaji hutangazwa na mamlaka. Swali lolote la namna hii lipelekwe ofisi ya mazingira, Bunia au wilayani, na jibu lililoandikwa ndilo lipigwe picha na kuwekwa kikundini, liwe rejea ya wote.

Habari za barabara zitaingia kikundini mtake msitake, maana mwindaji, mwendesha pikipiki na mama anayeuza maharage wanapita barabara moja. Hapo ndipo uangalifu unatakiwa kuliko popote. Sauti iliyorekodiwa ikishatumwa mbele mara mbili tatu, haionyeshi tena ilirekodiwa lini. Kilio cha mwaka juzi kinasikika kama cha asubuhi hii. Basi mfanye mazoea: anayerekodi aanze kwa siku, tarehe, saa na alipo, ndipo aseme alichokiona kwa macho yake. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umepita mikono mingi. Usiupeleke mbele kabla hujampigia mtu aliye mahali panapotajwa. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inampa anayeanzisha au kusambaza habari za uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, au faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au vyote viwili. Lakini hata bila sheria, tumeshaona uvumi unavyotoa watu majumbani mwao usiku, na wengine hawakurudi.

Kwa msimamizi nina maneno machache. WhatsApp inaruhusu watu 1.024 kwenye kikundi kimoja. Wewe usiwahitaji hata mia. Kila anayeingia awe na mtu wa ndani anayemjua kwa sura. Pakiwa na hofu, funga kikundi kwa muda ili wasimamizi tu ndio waandike, mpaka taarifa ithibitishwe. Maneno ya kukashifu kabila la mtu yafutwe bila mjadala, hata kama aliyeyatuma ni mkubwa wako. Na ukiweza, usikubali kikundi kiwe cha watu wa jamii moja peke yao. Mlendu, Mhema, Mwalur na Mnyali wanaoulizana kwa heshima bata wa mdomo mwekundu ni wa aina gani wameshapata jambo la kuzungumza, na katika Djugu ya leo hilo si dogo hata kidogo. Mimi nalithamini kuliko nyama yenyewe.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya haya ukiwa umeshika simu: zima mahali kwenye kamera, zima albamu ya kikundi, futa kila picha yenye silaha hata kama si yako. Kesho mtafute mkaguzi wa mifugo wa eneo lenu, chukua namba yake, na umwombe msimamizi aiandike mstari wa kwanza kwenye maelezo ya kikundi, ili atakayewakuta bata wamekufa bondeni ajue wa kumpigia kabla ya mtu mwingine yeyote.